Ardhi Ilipotikisika Bukoba: Tetemeko la 2016 na Kumbukumbu Tulizokuja Nazo

Wiki hii kwenye historia hatuongelei vita wala wafalme, tunaongelea ardhi yenyewe. Wadogo zetu waliozaliwa hapa Nakivale wametuuliza kama ni kweli ardhi iliwahi kutikisika mpaka huku, ama ni hadithi tu za wakubwa. Ni kweli kabisa.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri. Kitovu kilikuwa karibu na kijiji cha Nsunga, mkoa wa Kagera nchini Tanzania, si mbali na mpaka wa Uganda. Ukubwa wake ulipimwa 5.9. Mji wa Bukoba ndio uliumia zaidi: zaidi ya watu 15 walikufa, mamia walijeruhiwa, na zaidi ya nyumba 800 zilianguka, mbali na zile nyingi zilizobaki na nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika mpaka zikafungwa. Nyumba zilianguka pia huku Uganda, wilaya ya Rakai. Mtikisiko ulifika Rwanda, Burundi na magharibi ya Kenya.

Hapa kwetu hakuna aliyekufa kati ya tunaowajua, lakini hofu ilikuwa kubwa. Nakivale tunaishi watu wa nchi nyingi, na siku ile kila mtu alisikia mtikisiko kwa masikio ya kwao. Waliotoka kwenye vita walidhani ni bomu, wakalala chini ndani ya nyumba. Wengine walifikiri lori kubwa linapita, mpaka walipoona sufuria zinacheza kwenye rafu. Wengine walipiga magoti kuomba. Lakini wamama na wazee waliotoka Bukavu na Kalehe walikuwa tayari uwanjani, mbali na kuta, wanaita majina ya watoto. Hakuna aliyewafundisha semina. Walikuwa wanajua tu.

Walijulia wapi?

Sisi tuliotoka Kivu tumekulia juu ya Bonde la Ufa, tawi la magharibi. Tawi hilo linapita kwenye ziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Pale, bara la Afrika linapasuka polepole sana, milimita chache kwa mwaka. Mawe yanavutana miaka mingi, halafu siku moja yanaachia kwa ghafla. Hilo ndilo tetemeko.

Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, tetemeko la 5.9 lilipiga kusini ya ziwa Kivu. Bukavu iliumia, lakini ng'ambo, Rusizi na Nyamasheke nchini Rwanda, iliumia zaidi: watu zaidi ya 30 walikufa. Watu walikuwa kwenye ibada, na kuta za makanisa ziliwaangukia wengine. Agosti 2015 lingine lilipiga karibu na Bukavu tena. Basi mama wa Bukavu akisikia kikombe kinagonga kikombe, miguu yake inaanza kwenda kabla ya akili.

Bukoba ni tofauti. Ziwa Victoria liko katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, juu ya mawe ya zamani na magumu. Matetemeko huko ni machache, na yanapita miaka mingi bila watu kuhisi kubwa. Lakini machache si sawa na hakuna. Na lile la 2016 lilianzia kama kilomita 40 chini. Mawe magumu ya zamani yanapitisha mtikisiko mbali sana, ndiyo maana ulifika mpaka kwetu.

Hata Uganda, nchi hii iliyotupokea, ina historia yake. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa lilipiga chini ya milima ya Rwenzori, kwenye mpaka wa Toro na Congo. Watu zaidi ya 150 walikufa na maelfu ya nyumba yalianguka. Februari 1994 lingine lilipiga karibu na Fort Portal. Wakati wa 1966 makazi ya Nakivale yalikuwa tayari yapo, na Wanyarwanda waliokimbia kwao walikuwa wanaishi hapa. Kwa hiyo anayesema "huku hakuna matetemeko" anataka kusema tu kwamba yeye hajayaona bado.

Ukubwa si kila kitu

Angalieni hili. Desemba 2005 kulikuwa na tetemeko la 6.8 ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie. Nguvu yake ilizidi lile la Bukoba zaidi ya mara 20. Lakini waliokufa Bukoba ni wengi kuliko waliokufa mwaka ule wa 2005. Kwa nini? Inategemea kitovu kiko karibu na mji gani, na nyumba zimejengwaje. Tetemeko lenyewe mara nyingi haliui mtu. Kinachoua ni ukuta.

Zamani Wahaya wa Kagera walijenga msonge, nyumba ya mviringo ya miti na nyasi. Ni nyepesi, inayumba, na haina kitu kizito cha kumwangukia mtu. Baadaye watu walihamia tofali, na wana haki, kwa sababu nyasi zinaungua na zinavuja. Shida ni tofali bila kitu cha kuzifunga. Ukuta wa tofali za udongo ukivutwa huku na huku unafunguka kwenye kona, halafu unaanguka wote.

Sasa tujiangalie wenyewe. Tukifika hapa tunaanza na turubai. Baadaye tunajenga kwa miti na udongo, na mwenye uwezo kidogo anafyatua tofali za matope na kuweka mabati. Yaani tunapopanda maisha, nyumba inazidi kuwa nzito juu ya vichwa vya watoto wetu. Saruji hatuna. Lakini kuna mambo yasiyohitaji pesa nyingi:

- Kwenye kona, tofali zishikane, moja huku moja kule, zisikutane tu kwa matope.
- Juu ya ukuta, kabla ya paa, pitisha miti iliyofungwa pamoja kuzunguka nyumba yote.
- Ule ukuta wa pembetatu chini ya paa usiwe wa tofali. Weka bati, mkeka au turubai.
- Mlango na dirisha visiwe karibu na kona.
- Kitanda cha watoto kisiwe chini ya ukuta wenye ufa.

Na likipiga? Ukiwa kwenye nyumba yetu ya matope na mlango uko hapo karibu, toka, nenda uwanjani mbali na kuta. Ukiwa kwenye jengo kubwa au la ghorofa, ingia chini ya meza imara ulinde kichwa, usikimbilie ngazi. Mkishatoka msirudi haraka, maana mengine madogo yanafuata. Na ujumbe wa simu unaosema litarudi saa fulani ni uongo. Hakuna mtaalamu duniani anayejua saa.

Jambo la mwisho kwa ndugu zetu wa mashirika. Baada ya Bukoba, michango mingi ilienda kwenye majengo ya umma kama shule. Ihungo ilijengwa upya, na ni jambo zuri. Lakini familia nyingi zilijijengea zenyewe, kwa udongo uleule na mkono uleule. Kwa hiyo mafundisho ya ujenzi yakija baada ya ukuta kuanguka yamechelewa. Tunaomba yaje wakati mtu anapewa kiwanja, siku ileile anapopewa turubai na jembe. Na wafundishaji wapo hapa hapa: wale wamama wa Bukavu waliokuwa uwanjani kabla yetu sote.

Vijana, leo jioni waulizeni wazazi na majirani: tetemeko la kwanza mlilisikia wapi, na mlifanya nini? Andikeni hapa chini kwa lugha yoyote, tutatafsiriana.