Neno Letu: Kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa

Magazeti yetu yamelizoea neno hili: hatima ya kocha "yabaki kitendawili", bei ya mahindi "kitendawili". Wanachotaka kusema ni kwamba hakuna ajuaye. Lakini kitendawili kisicho na mwenye jibu si kitendawili. Huo ni utata, au tuseme kizungumkuti. Waulize watoto wa Kwakoa, kule tambarare ya Upare wilayani Mwanga. Anayesema "Kitendawili!" analo jibu tayari, na wenzake humwitikia "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa, anadai mji. "Twakupa Same." Basi anajitapa: Same nilikwenda, nikala, nikanywa, nikalala, jibu ni yai.

Kwa hiyo tuache pia kusema "tatua kitendawili". Kutega ni kuweka mtego, na mtego huteguliwa. Yanayotatuliwa ni matatizo. Wala tusikichanganye na chemsha bongo. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, anataka kuvuka Ziwa Jipe kwa mtumbwi unaombeba yeye na kimoja tu kwa safari, bila chui kumla mbuzi wala mbuzi kula majani: hapo unapanga hatua, na jibu unaweza kulithibitisha. Fumbo nalo ni maneno yenye maana ya ndani, yaliyokusudiwa mwerevu ayaelewe na wengine yawapite. Hufumbwa na hufumbuliwa, wala halidai mji. Mhariri asiyejua kocha anakwenda wapi aandike tu "haijulikani".