Lualaba ilijua bahari kabla ya Tippu Tip

Wahitimu wenzangu, wengi wetu tulifundishwa historia ya Kasongo kuanzia kwa Tippu Tip, karne ya 19. Kabla yake? Eti pori tu. Mimi hiyo siikubali, na ushahidi wangu umelala ardhini.

Waviking nao waliitwa wanyang'anyi tu. Mwaka 1840, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza ukingo wa mto kule Cuerdale, Uingereza, walikuta fedha yao iliyofukiwa, zaidi ya vipande 8,000. Kumbe ndani mlikuwa hata na sarafu za Kiarabu! Fedha hiyo ilikuwa imesafiri mbali sana.

Sasa turudi kwenye mto wetu. Panda Lualaba, pita Kongolo, endelea mpaka ziwa Kisale, Katanga. Pale Sanga, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958. Pierre de Maret akaendelea miaka ya 1970. Ya zamani zaidi ni ya wakati wa Waviking. Walikuta vyungu, mashoka, mapambo ya shaba, hata simbi za baharini. Shaba ilitoka kusini. Simbi zilitoka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000, mkono kwa mkono, miaka mia nyingi kabla ya msafara wa Tippu Tip.

Tena makaburi mengine ya watoto yana mali nyingi. Mtoto hajafanya biashara wala vita. Basi heshima hiyo aliirithi. Palikuwa na ukoo wenye cheo. Baadaye ikaja misalaba ya shaba, ikawa midogo na ya kufanana: hiyo sasa ni pesa.

Tunayajua haya kwa sababu kila kitu kilikutwa mahali pake, kando ya mwenyewe. Msalaba uleule ukiuzwa sokoni ni kilo ya shaba tu.

Kule Kabambare, upande wa Namoya na Salamabila, vijana wanachimba dhahabu kila siku. Siwalaumu, wanatafuta chakula. Lakini sisi wenye diploma tukifika nyumbani tuwaambie: ukigonga chungu cha kale, shoka au mifupa, simama kwanza. Usikitoe. Piga picha na simu, kumbuka kilikuwa kina gani, muite chifu na mwalimu wa historia. Pengine sura ya kwanza ya Maniema iko chini ya shimo hilo.