Kumegea Intaneti: Utetezi wa Kitenzi Kilichokataliwa

Orodha ya istilahi za TEHAMA iliyofika mezani kwangu hivi karibuni imehalalisha jambo nililokuwa nikilipinga kwa barua. Tendo la kuitumia simu janja kuipatia kompyuta mpakato intaneti limeandikwa humo “kushiriki mtandao”. Ni maneno mawili, na hakuna hata moja lililokaa mahali pake. Pendekezo langu, “kumegea intaneti”, lilirudishwa likiwa na maandishi ya kalamu ya risasi pembeni: “Halina hadhi ya istilahi.” Waliolikataa hawakutoa hoja nyingine. Nawajibu hapa, mbele ya wasomaji, kwa kuwa katika kikao chao sikupewa nafasi.

Tendo lenyewe halihitaji maelezo. Kila mwenye bando aliyewahi kukaa na mwenzake asiye nalo analijua.

Tuanze na shiriki. Mzizi wake ni wa Kiarabu, sh-r-k, wenye maana ya kuwa na fungu katika jambo pamoja na mwingine. Kiswahili kimeupokea mzizi huo na kuuzalisha vizuri: shirika, ushirika, mshirika, shirikisho, shirikiana, shirikisha. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliounda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933 walikuwa wanaushirika. Mkristo anayeikaribia meza ya Bwana anashiriki. Muislamu anajua kwamba kumwekea Mwenyezi Mungu mshirika ni shirki, na humo ndimo lilimotoka neno ushirikina, ambalo leo magazeti hulitumia kwa habari za hirizi na tunguri. Upitie ukoo wote huo. Hutaona mahali ambapo anayeshiriki ndiye mtoaji. Anayeshiriki huingia katika jambo lililokwisha kuwapo: hushiriki mkutano, mazishi, uchaguzi, ligi. Ukimwambia mwenye simu “shiriki mtandao”, umemwambia aingie mtandaoni, naye ameshaingia tangu alipowasha data.

Mama mdogo wangu, mwalimu mstaafu, simu yake ameiweka kwa Kiswahili na hataki lugha nyingine. Nilipomwomba intaneti ili nitume faili, alishuka na orodha ya mipangilio kwa kidole cha shahada, akapita, akarudi juu, akasimama. “Mwanangu, hapa pameandikwa shiriki. Sasa mimi nishiriki nini, na nani?” Hilo ni swali la kisarufi, tena sahihi kabisa. Kitenzi shiriki kinadai jambo la kushirikiwa na wenzi wa kulishiriki, na skrini haikumwonyesha chochote kati ya hivyo. Mwalimu aliyesahihisha insha za Kiswahili maisha yake yote hakupaswa kukwama hapo. Aliyekwama ni aliyeandika.

Watetezi wa tafsiri hiyo husema kitufe cha “shiriki” kimekwisha kuzoeleka chini ya picha na video. Mazoea hayo yalianzishwa na mtafsiri mwenye haraka, aliyekuta neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, kuwa na fungu na kutoa fungu, akachukua kisawe cha maana ya kwanza akakibandika kwenye ya pili. Kama mzizi huo ndio walioupenda, sarufi ilikuwa imewawekea kauli ya kutendesha: mtu humshirikisha mwenzake siri, shida, hata mipango ya harusi. Kushirikisha kungevumilika. Katika orodha nzima hakukutajwa.

Wapo walioiona kasoro ya shiriki wakakimbilia sambaza. “Kusambaza mtandao” utakukuta kwenye simu nyingi zilizowekwa Kiswahili, na hapo tatizo linahamia kwenye nomino. Mtandao ni neno zuri lililobebeshwa mizigo mingi mno. Linatokana na tanda, kitenzi cha kitu kinachoenea na kufunika: wingu hutanda, giza hutanda, buibui hutanda utando wake, mfumaji hutanda nyuzi kabla ya kupitisha nyingine katikati. Leo mtandao ni kampuni ya simu (“wewe uko mtandao gani?”), ni nguvu ya mawimbi (“huku bondeni hakuna mtandao”), ni intaneti, ni jukwaa la kijamii, na polisi wakitangaza kwamba wamevunja mtandao, ni genge la wahalifu. Msomaji akikuta kichwa cha habari kwamba kampuni imesambaza mtandao vijijini, anaelewa kwamba minara imesimamishwa. Atajuaje kwamba siku nyingine maneno hayohayo yana maana ya mpangaji mmoja kumsaidia mpangaji mwenzake ukumbini? Kwa Wakenya hali ni mbaya zaidi. Safaricom ina huduma iitwayo Sambaza, ya kumtumia mtu salio, na kule “nisambazie” ni ombi la salio. Salio likishasambazwa limehama. Aliyepewa anaweza kupanda nalo basi la Kisumu. Intaneti ninayoizungumzia haihami. Mwenye simu akiinuka akatoka nayo, kompyuta imekatika.

Sambaza huandamana na mwenzake, mtandaopepe, aliyebuniwa kusimama badala ya kile ambacho watu wote wanakiita hotispoti. Pepe ilifaulu katika barua pepe kwa sababu barua ilikuwa na umbo linaloshikika, la karatasi na bahasha, na pepe ikaliondoa umbo hilo. Intaneti ya simu haina umbo la kuondolewa. Imekuwa hewani tangu mwanzo. Pepe hapo haiongezi kitu. Tena shambani pepe ni punje tupu, ganda la mpunga lisilo na mchele ndani, na sioni kwa nini jina hilo lipewe kitu ambacho watu wanakilipia kila siku. Zaidi ya hayo, hotispoti ni njia moja tu ya kulifanya tendo. Unaweza kupitisha intaneti ileile kwa waya wa USB, au kwa Bluetooth, bila hotispoti yoyote kuwashwa. Istilahi inayolitaja tendo kwa njia yake moja inaziacha nyingine bila jina.

Kiingereza nacho hakitusaidii. Wao huliita tethering, kutokana na kamba anayofungiwa mnyama malishoni, neno lililowafikia kutoka lugha ya kale ya Skandinavia. Lilifaa wakati simu na kompyuta vilipounganishwa kwa waya, simu ya Nokia imechomekwa ubavuni mwa kompyuta na intaneti ya GPRS inatiririka polepole hadi mtu anachoka. Mwaka 2008 programu ya JoikuSpot iliziwezesha baadhi ya simu za Nokia kurusha Wi-Fi, na mwaka 2010 toleo la 2.2 la Android likaja na uwezo huo ndani yake. Kamba haikuwapo tena, neno likabaki. Bado kuna kijitabu cha mafunzo nilichokisoma kilichoandika “ufungaji kamba”. Mtafsiri huyo alilitafsiri neno akaliacha tendo, wala hakujiuliza msomaji wa Dar es Salaam, ambaye kwake kupiga kamba ni kusema uongo, ataelewa nini.

Sasa mega.

Mega ni kitenzi cha chakula cha pamoja. Vidole vinaingia kwenye ugali, vinakata tonge, tonge linatoka. Ugali unabaki palepale kwenye sinia, umepungua kwa kiasi cha tonge lile, na sinia bado lina mwenyewe. Kila kilichomo katika picha hiyo kimo katika tendo tunalotafutia jina. Kampuni ya simu inamwona mteja mmoja, mwenye laini moja na bando moja. Simu inajigeuza ruta, inaipa kompyuta anwani ya ndani, ambayo kwenye iPhone huanza na 172.20.10 na kwenye Android nyingi ilizoea kuanza na 192.168.43, kisha kila ombi la kompyuta likitoka nje linavishwa anwani ya simu. Kompyuta haina fungu lake huko nje. Inakula katika fungu la simu, na fungu hilo linapungua.

Tena linapungua kwa kasi. Kompyuta mpakato ikishika Wi-Fi hudhani iko ofisini: inaanza kupakua masasisho ya Windows, inapandisha picha kwenye hifadhi ya mbali, na GB uliyoinunua kwa ajili ya kutuma faili moja inaisha kabla faili halijaondoka. Sambaza haitoi onyo lolote juu ya hasara hiyo, kwa kuwa habari ikisambazwa haipungui kwa aliyeisambaza. Shiriki ndiyo kabisa. Mega inaonya ndani ya maana yake, kwa kuwa hakuna Mswahili asiyejua kwamba kinachomegwa kinapungua.

Kuhusu hadhi, naomba wajumbe wasome magazeti. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kabla yake, Mkoa wa Geita ulimegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Hifadhi humegwa, wanavijiji wakapata mashamba. Kitenzi hiki kimeitumikia lugha ya utawala bila kulalamikiwa na mtu. Kinachotosha kueleza kuzaliwa kwa mkoa kinatosha kueleza megabaiti.

Nimetaja megabaiti kwa makusudi, kwa sababu kuna aliyedai watu watakichanganya kitenzi chetu na mega ile ya Kigiriki, yenye maana ya kubwa. Maneno hayo hayana udugu. Kile cha Kigiriki, kinavyotumika katika megabaiti, ni kiambishi, hakisimami peke yake, hakipokei nafsi wala njeo. Hakuna anayesema “nimemega” akifikiria Kigiriki. Na kama mtu ataambiwa amege intaneti akakumbuka MB zake, amekumbuka kinachopaswa kukumbukwa.

Pingamizi jingine halisemwi kwa sauti: vijana wameipa mega maana ya faragha. Ni kweli, wameipa. Wamezipa maana kama hiyo kula, piga, panda na chapa, na bado tunakula, tunapiga simu, tunapanda mahindi na kuchapa vitabu. Mama anaendelea kumwambia mwanawe amege tonge dogo, na hakuna mezani anayeinamisha uso. Lugha ikiachia kila kitenzi kilichoguswa na mtaa, itabaki na vitenzi vya kamati peke yake.

Mtaa wenyewe una mapendekezo, nami nimeyapima kwa heshima ambayo pendekezo langu halikupewa. “Niwashie hotispoti” inaeleweka kila mahali, lakini kama nilivyosema inaitaja njia. “Nirushie” ni ya salio na pesa, vitu vinavyohama. “Niungie” ndiyo iliyonifikirisha zaidi, maana unga ni kitenzi kipole na chenye uwezo. Ila makampuni ya simu yameshakichukua: kununua bando ni kujiunga, na ukimwambia kaka yako “niungie” atakuuliza la wiki au la mwezi.

Mega, kwa upande wake, iko huru na inanyambulika bila kulazimishwa. Kauli ya kutendea inatupa megea: nimegee intaneti, dada, mmegee mwenzio, kompyuta imemegewa, wanafunzi wa chumba kimoja wanamegeana kwa zamu. Kipande kilichotolewa ni mmego. Kifaa kidogo cha mfukoni chenye laini yake, ambacho kazi yake pekee ni kurusha Wi-Fi, kiitwe kimegeo, kama chochea ilivyozaa kichocheo. Kwenye skrini, ambako nafasi ni finyu na watafsiri hulalamika kila siku, “Mega intaneti” inatosha kwenye kitufe, na chini yake: kwa Wi-Fi, kwa USB, kwa Bluetooth. Mama mdogo asingesimama hapo.

Mfano wa kufuata tunao. Aliyebuni kompyuta mpakato aliangalia kifaa kinakaa wapi, akaona kinakaa pale anapokaa mtoto anayepakatwa, akachukua pakata. Neno limeingia maofisini kwa sababu mwili unalijua. Kishikwambi, yaani tableti, kilichekwa sana kilipotangazwa. Ikaja sensa ya Tanzania ya Agosti 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mikononi, na kicheko kikaisha. Pakata imesimama juu ya tendo la mwili, na ndivyo ilivyo mega. Sielewi kwa nini waliovumilia vicheko vya vishikwambi wameshindwa kulivumilia tonge.

Kwa wanaotaka matumizi tu: weka nywila isiyokisiwa, tumia waya wa USB chaji ikiwa ndogo, na iambie kompyuta kwamba intaneti hiyo inapimwa ili isipakue masasisho.

Kidahizo nimekiandika tayari, na yeyote mwenye kamusi mkononi anaruhusiwa kukichukua kama kilivyo:

megea kt <-megewa, -megeana> 1. katia mtu kipande cha chakula laini, kama vile ugali, kwa vidole. 2. (Tek) wezesha kompyuta au kifaa kingine kutumia intaneti ya simu yako kwa Wi-Fi, waya au Bluetooth, bando likibaki la simu: Alimmegea mdogo wake intaneti ili ajaze fomu za chuo.