Mke wa Mfalme Hukimbilia Wapi?

Ufalme unapoanguka, wanahistoria hutuhesabia saa za mfalme: aliondoka lini, kwa chombo gani, akatua wapi. Mkewe huachiwa maneno matatu tu, "na familia yake". Leo nataka kuyatazama hayo maneno matatu.

Tarehe 12 Januari 1964 Sultani Jamshid bin Abdulla wa Zanzibar, aliyekalia kiti kwa miezi sita tu, aliyakimbia Mapinduzi kwa meli yake, Seyyid Khalifa, na familia yake. Mkewe, Bibi Anisa binti Salim, alikuwa ameolewa mwaka 1955. Hakuwa amemteua waziri wala kugawa majimbo ya uchaguzi. Lakini usiku wa watu wenye hasira nani angemuuliza hayo? Meli ikaelekea Mombasa. Kenya, yenye uhuru wa mwezi mmoja, ikawakatalia kushuka. Ndipo ikaja Dar es Salaam, wakapokelewa, na tarehe 19 Januari wakapandishwa ndege kwenda Uingereza. Wengine tunasahau kwamba mlango ule ulifunguliwa na serikali ya Tanganyika. Jamshid akaishi Portsmouth kwa zaidi ya nusu karne. Oman, nchi ya mababu zake, ilimruhusu kurudi mwaka 2020 tu, akafariki Desemba 2024.

Linganisheni na Urusi. Malkia Alexandra alikuwa mzaliwa wa Ujerumani, na Urusi ilipokuwa vitani na Wajerumani watu wakamnong'ona kuwa ni jasusi. Mwezi Machi 1917 mumewe, Nicholas wa Pili, akaachia kiti. Uingereza iliahidi kuwapokea, kisha ikaghairi, na aliyeshinikiza ni Mfalme George wa Tano, binamu wa mume na binamu wa mke! Aliogopa wafanyakazi wake mwenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, mjini Yekaterinburg, Alexandra alipigwa risasi pamoja na mumewe na watoto wao watano. Mwaka uliofuata mfalme yuleyule akapeleka manowari kumchukua mama mkwe wa Alexandra, Maria Feodorovna. Mama huyo alikuwa mama yake mdogo, mzaliwa wa Denmark, wala hakuandamwa na jina la Ujerumani.

Nasi hapa Singida tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo. Jirani zetu wa Tabora wanakumbuka Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike aliilipua baruti akiwa ndani na jamaa zake. Wanawake waliokuwamo ngomeni hawakuwa na bandari ya kukimbilia, na majina yao siyaoni vitabuni.

Miaka 70 baadaye, mwaka 1963, Tanganyika iliondoa utawala wa watemi kwa sheria, bila risasi. Watemi wa Wanyaturu na wa Wanyiramba wakavua madaraka. Na wake zao? Kwa Wanyaturu, mtu mwenye wake wengi humpa kila mmoja nyumba yake na shamba lake. Serikali iliondoa cheo cha mume, haikugusa lile shamba. Mvua zilipokuja, mke wa mtemi wa jana alichukua jembe akaenda kupanda mtama palepale alipopanda mwaka uliotangulia.