Mjinga, Mzalia na Mwungwana

Zamani katika kisiwa cha Unguja daraja ya mtu ilijulikana kwa jina aliloitwa. Mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga. Aliyezaliwa pwani katika utumwa, mzalia. Na mtu huru mwenye nasaba, mwungwana. Hata nguo zilipambanua: mtumwa alivaa merikani au kaniki, akaenda miguu mitupu.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa. Lakini amri hiyo haikumfungua ila yule aliyekwenda kudai uhuru wake mbele ya korti, naye alitakiwa aonyeshe mahali atakapokaa na kazi itakayomlisha. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakupewa ardhi. Masuria nao hawakupata haki hiyo ila mwaka 1909.

Basi wengi walibaki katika mashamba ya karafuu. Walipanda muhogo chini ya miti isiyo yao, wakampalilia mwenye shamba ili wasifukuzwe. Mjini wanawake waliacha kaniki, wakajitanda kanga, nao wakataka kuitwa waungwana.

Siku hizi tukisema mjinga, twamkusudia asiyejua. Maana ya kale imesahauliwa, bali dharau yake imesalia. Nasi twaona kuwa jina la mtumwa liliondolewa kwa amri, na nguo yake ilibadilishwa kwa fedha kidogo. Lakini aliyekosa ardhi aliendelea kumtumikia mwenye nayo.