Mawe ya Kujazia

Marehemu baba yangu, ambaye sisi tulimwita Tata, aliniachia vitu vitatu: shamba la migomba na kahawa, redio iliyokwisha nyamaza, na jiwe moja la ukubwa wa kiganja. Upande mmja wa jiwe hilo ni kwatsi, lile jiwe jeupe kama maziwa ambalo kila mtoto wa Karagwe amelitupia ndege. Katikati yake umepita mshipa mweusi, mzito kuliko unavyoonekana. Mshipa huo ni bati. Tata alilitoa Kyerwa, alikochimba akiwa kijana, na hadi anafariki hakuwahi hata kulipangusa.

Nilipostaafu ualimu nilitaka kuling'arisha. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ilinichukua karibu miaka miwili, na katika muda huo nilijifunza mambo ambayo Tata hakupata kunieleza.

Kwanza nieleze habari ya bati lenyewe. Vilima vyetu ni sehemu ya ukanda wa miamba ya kale unaotoka Karagwe kupita Ankole, Rwanda na Burundi hadi Kongo. Katika miaka ya 1920, enzi za Mwingereza, bati liligunduliwa pande zote mbili za mpaka: Mwirasandu huko Ankole, na kwetu Kyerwa. Watu waliojua ng'ombe, migomba na uhunzi wa chuma wakajikuta wanachimba madini wasiyoyatumia. Nchi hii ilikuwa na sifa ya chuma tangu zamani. Ng'ombe wa chuma na fuawe za watawala wa Bweranyange ni ushahidi. Lakini bati lilikuwa la watu wengine. Lilipakiwa, likaenda.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Wajapani waliteka Malaya mwaka 1942, na Waingereza wakapoteza chimbuko lao kubwa la bati. Hapo bati la Afrika likawa lulu. Miaka mingi baadaye, Oktoba 1985, Baraza la Kimataifa la Bati lilifilisika huko London, na bei ikaanguka kwa kiasi kama nusu. Watu wasiojua London iko wapi waliona matokeo yake vijijini mwao. Wachimbaji wadogo hawakuacha; hadi leo wanachimba kwa sururu na kuosha mchanga kwa karai. Kyerwa ikawa wilaya yake mwaka 2012, na mwaka 2019 Serikali ilianza kufungua masoko ya madini mikoani ili mali isiuzwe kwa kificho.

Sasa turudi kwenye jiwe. Njia ya kung'arisha mawe nyumbani ni kuiga mto. Unayaweka katika pipa dogo pamoja na maji na unga mkali wa kusagia, kisha unalizungusha usiku na mchana kwa majuma kadhaa. Unga unaotumika zaidi ni silikoni kabaidi, aliyoipata Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891. Unaanza na unga wa chenga, unahamia laini, halafu laini zaidi, na mwisho unatia unga wa kung'arishia. Mimi nilitumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, nikailaza juu ya vyuma viwili vinavyozungushwa na mota ya mashine mbovu ya kufulia. Jirani zangu walidhani nimeanza kusindika siagi.

Namshukuru Mungu sikuanza na jiwe la Tata. Nilitia mawe mazuri kumi niliyoyaokota, nikawasha. Baada ya siku nne nikafungua: matatu yamepasuka, mengine yana makovu ya kugongana. Kosa langu lilikuwa kuacha nafasi. Pipa likiwa tupu mno, mawe hupanda juu kisha huanguka kama watu wanaosukumana ngazini. Linatakiwa lijae kiasi cha theluthi mbili hadi robo tatu, ili mawe yateleze polepole yakisuguana. Na kama huna mawe mazuri ya kutosha kulijaza, hapana budi utafute ya kujazia.

Hapo ndipo penye kazi. Jaribio la kwanza lilikuwa vipande vya bomba la plastiki. Havikuvunja kitu, lakini plastiki ni laini, na chembe za unga mkali hujikita ndani yake. Nilipofika hatua ya mwisho, chembe hizo zikatoka na kuchora mistari juu ya kazi ya mwezi mzima. Plastiki iliyotumika na unga wa chenga isirudi tena kwenye unga laini. Jaribio la pili lilikuwa kokoto za barabarani. Zile laini ziligeuka tope, na zile ngumu zikameguka na kuacha ncha kali.

Wenye uwezo hununua vipande vidogo vya udongo mgumu uliochomwa, laini kama kikombe. Havishiki unga, hudumu muda mrefu, na vikioshwa vema vinafaa hatua zote. Mimi nilikwenda mtoni. Huko nilichagua vijiwe vidogo vya kwatsi na vya jamii yake, ambavyo maji yalikwisha viviringa. Ugumu wa kwatsi ni 7 katika kipimo cha Mohs, na wa bati ghafi ni kati ya 6 na 7. Jiwe lisaidiwe na jiwe la hirimu yake. Aliye laini mno huliwa, na aliye na ncha huumiza. Nilichanganya vikubwa na vidogo, maana vidogo huingia katika mapengo na kuufikisha unga kila pembe. Kwa hatua ya mwisho, wengine hutumia magunzi ya mahindi yaliyokatwakatwa na kukaushwa, ambayo hubeba unga wa kung'arishia bila kugonga.

Na unga huo wa kung'arishia ndio ulionishtua. Mafundi wa vioo na marumaru wa Ulaya walitumia kwa vizazi vingi oksidi ya bati. Madini meusi ya Kyerwa, kasiteraiti, ndiyo oksidi hiyohiyo katika umbo lake ghafi. Basi huenda mng'aro wa vioo na marumaru za mbali ulitoka katika vilima kama vyetu, na Tata hakujua.

Mawe yangu ya mtoni yalifaulu. Lakini niliposafisha pipa mara ya mwisho, niliona jambo ambalo sikulitazamia. Vile vijiwe vya kujazia, ambavyo sikuvihesabu wala kuvichagua kwa uzuri, vilikuwa vinang'aa kama vile nilivyovithamini, na baadhi yake zaidi. Vilikuwa vimezunguka katika hatua zote, safari baada ya safari. Nilikaa kimya nikimkumbuka Tata na wenzake. Katika vitabu vya bati yameandikwa majina ya kampuni, mabaraza na bei. Waliojaza mashimo, ambao bila wao kazi isingeenda, hawakuandikwa.

Jiwe la Tata sikulitia pipani. Kwatsi yake ina nyufa, na mshipa wa bati ni mzito karibu mara saba ya maji, ilhali kwatsi haifiki mara tatu. Kuanguka kwake kungeweza kulipasua kati. Nimeling'arisha kwa mkono upande mmoja tu, kwa kitambaa, maji na oksidi ya bati. Upande wa pili nimeuacha na vumbi lake, kama alivyolileta.

Vijiwe vya kujazia nimewagawia wajukuu. Wakiuliza vimetoka wapi, nawaeleza habari za Kyerwa. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyechimba, muulize mapema. Mimi nilichelewa, nikabaki kuliuliza jiwe.