Waya wa Mafuta: Kutoka Breki ya Baiskeli Hadi Bodaboda ya Ndalambo

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria na magunia ya mahindi katika vijiji vya Wilaya ya Momba ziliingia Tanzania zikiwa vipande ndani ya boksi. Fremu na injini huja pamoja, magurudumu na usukani hupangwa pembeni, na fundi wa dukani ndiye anayezifunga hadi ziwe chombo cha kutembea. Miongoni mwa vitu anavyovipitisha mwanzo ni waya mweusi, mwembamba, wa urefu wa mita moja hivi. Unaanzia mkono wa kulia wa dereva, unapita chini ya tangi na kuishia juu ya kabureta. Huo ndio waya wa mafuta. Dereva wa bodaboda wa Ndalambo, huko huko Momba, huuvuta na kuuachia tangu alfajiri hadi usiku, na kwa kawaida hauangalii mpaka siku utakapomkwamisha njiani.

Waya huo una historia ndefu kuliko umaarufu wa pikipiki hapa kwetu, na historia hiyo ilianzia kwenye baiskeli.

Mwaka 1896, Ernest Monnington Bowden, mkazi wa London, aliandikisha hataza ya namna mpya ya kuvuta breki. Wakati huo breki ya baiskeli iliendeshwa kwa vyuma vilivyonyooka, vikiunganishwa kwa viungo na bawaba. Chuma hakikunji kona. Palipokuwa na kona paliwekwa kiungo, na kila kiungo kililegea kwa wakati wake. Bowden alichukua uzi wa chuma uliosokotwa, akauingiza ndani ya ganda lililotengenezwa kwa waya mwingine uliozungushwa kama springi. Ganda hilo linapinda lakini halibonyei kwa urefu. Ukilishikilia pande zote mbili, uzi wa ndani utavutika sawasawa hata kama njia yake ina kona tatu.

Watu wengi, hata ndani ya biashara ya baiskeli, wamezoea kumpa sifa hiyo Frank Bowden, mwenye kampuni ya Raleigh ya Nottingham. Hao ni watu wawili tofauti. Ernest alifariki mwaka 1904, wakati uvumbuzi wake ulikuwa ndiyo kwanza unaenea. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1900 kusimamia hataza zake ilikuwa na watengenezaji wa baiskeli miongoni mwa wakurugenzi wake, na viwanda vya pikipiki vilivyokuwa vikichipuka Uingereza viliuchukua waya huo mapema. Injini ilikuwa chini, mkono wa dereva juu, na usukani ulipaswa kugeuka kushoto na kulia bila kubadili kasi ya injini. Chuma kilichonyooka kingeifanya kazi hiyo kwa taabu kubwa.

Lakini vyuma havikufa. Baiskeli za Phoenix kutoka China, zilizobeba mizigo ya Tanzania kwa miongo mingi, zilikuja na breki za vyuma vile vile ambavyo Bowden alitaka kuviondoa, na wanakijiji walizipenda. Chuma kikilegea unakikaza kwa spana. Waya ukichakaa huna budi kununua mwingine, na duka la spea lilikuwa mbali. Ukweli huo unafaa kukumbukwa kila inaposimuliwa hadithi ya teknolojia kana kwamba kipya hufuta cha zamani siku ile ile kinapofika.

Gari nalo lilipita njia hizo mbili. Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1908 na 1927, ilitiwa mafuta kwa kijiti cha mkono chini ya usukani, kikiunganishwa na kabureta kwa vyuma. Land Rover za awali, ambazo ziliwafikisha mabwana shamba na waganga hadi kusikofikika, nazo zilitumia vyuma na viungo kutoka pedali hadi injini. Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, haikuwa na hiari hiyo. Injini yake iko nyuma na pedali iko mbele, kwa hiyo waya wa mafuta ulipitishwa ndani ya bomba katikati ya sakafu, ukavuka gari karibu lote. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye vumbi na matope ambayo ni adui wa kila waya.

Hapo ndipo yanapoingia magari ya kujiundia. Uingereza, tangu mwaka 1957, mtu aliweza kununua Lotus Seven ikiwa vipande na kuifunga mwenyewe, na kwa kufanya hivyo alikwepa kihalali kodi iliyotozwa kwenye gari lililokamilika. Marekani, mwaka 1964, Bruce Meyers wa California aliunda bodi ya fiberglasi iliyoitwa Meyers Manx, ambayo matoleo yake ya baadaye yalifungwa juu ya chasi ya Volkswagen iliyokatwa na kufupishwa kwa sentimita 36 hivi. Chasi ikifupishwa, waya wa mafuta unazidi urefu. Mwenye gari alilazimika kuukata, kuufunga kichwa kipya na kuupima upya. Kazi hiyo, ya kuchukua waya wa chombo kimoja na kuulazimisha ufae chombo kingine, ingefahamika mara moja na fundi yeyote wa Tunduma, mji wetu wa mpakani na Zambia.

Tunduma ilijifunza ufundi wa magari kwa shinikizo la siasa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini magari yalikuwa machache mno nchini. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari tarehe 10 Agosti 1907, akavuka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kufika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kusubiri vipuri. Shinikizo la siasa lilikuja baadaye: Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya upande wa kusini. Malori yakaanza kupakia mapipa Dar es Salaam na kupanda hadi Tunduma kwa barabara ya vumbi, iliyoua watu wengi na kuvunja magari mengi zaidi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 lilipunguza mzigo huo, na reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970. Malori hayakuondoka. Foleni ya mpaka wa Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, hadi leo inalisha gereji, wachomeleaji na wauza spea.

Serikali za Afrika Mashariki nazo zilijaribu kuunda magari yake. Tanzania ina kituo cha Nyumbu, Kibaha, chini ya jeshi. Kenya ilizindua Nyayo Pioneer mwaka 1990, baada ya Rais Moi kuwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la nchi. Yalitengenezwa machache tu ya majaribio. Uganda ilionyesha Kiira EV mwaka 2011, gari la umeme lisilohitaji waya wa mafuta hata kidogo.

Ndalambo haikuungojea mradi wowote kati ya hiyo. Kilichoibadilisha ni lami. Februari 2008, Rais Kikwete na Rais Bush walitia saini Dar es Salaam mkataba wa msaada wa Marekani wa dola milioni 698, na sehemu ya fedha hizo ikajenga barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga. Mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zikatoka, zikaipa bodaboda nafasi katika sheria. Momba ikawa wilaya, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukakatwa kutoka Mbeya. Pikipiki za Boxer na TVS zikajaa vijiweni. Ndani ya miaka hiyo michache waya wa mafuta ukawa bidhaa ya kila duka la spea, ukining'inia msumarini pamoja na waya wa klachi na waya wa spidi mita.

Lami ni moja. Ukitoka pembeni unaingia vumbi wakati wa kiangazi na tope masika, na waya huumia kwa vyote viwili. Vumbi hupenya penye ncha ya ganda, hukutana na grisi na kugeuka msasa. Maji huleta kutu. Uzi wa ndani hukatika unyuzi mmoja mmoja, mara nyingi karibu na kichwa chake, kule unakopinda kila dereva anapovuta mafuta.

Hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hulielewa kinyume. Wanaogopa waya kukatika. Kwenye pikipiki ya kawaida, waya ukikatika kabisa, springi ndani ya kabureta hushusha pistoni yake, na injini hurudi kwenye mzunguko mdogo. Dereva atasukuma pikipiki hadi kwa fundi, atapoteza pesa ya siku, lakini yuko hai. Waya wa kuogopwa ni ule uliochakaa nusu. Nyuzi zilizokatika husimama kama miiba, hunasa ndani ya ganda, na mkono ukiachia, mafuta hayarudi. Marekani iliweka sharti mwaka 1973 kwamba kwenye gari, dereva akiondoa mguu au sehemu moja ya mfumo ikikatika, mafuta lazima yarudi yenyewe. Waya uliochanika ndani ya ganda huiondoa kinga hiyo taratibu, bila kelele.

Ndiyo maana kuunga waya, kuufupisha ili kukwepa palipokatika, au kufunga wa breki ya baiskeli mahali pake ni kosa, hata pale nia ni kumsaidia mteja asiye na pesa. Fundi mzuri huangalia kwanza njia ya waya wa zamani kabla ya kuutoa. Wengine hufunga kamba kwenye ncha yake, wakiuvuta kamba inabaki njiani, kisha inatumika kuvuta mpya. Waya mpya haupaswi kugusa ekzosi wala kubanwa na tangi. Mkono wa mafuta huachiwa mchezo wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta. Mwisho injini huwashwa, usukani hugeuzwa kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mlio wa injini ukibadilika, waya ni mfupi au umepita vibaya, na kazi inaanza upya.

Magari yanauacha waya huu. BMW ilitoa gari la injini ya V12 lenye mafuta yanayoongozwa kwa umeme mwaka 1987, na Toyota nyingi zilizotumika zinazoshuka bandarini Dar es Salaam sasa zina pedali inayopeleka ishara kwenye kompyuta. Hatari ya kukwama haikuondoka na waya: kati ya 2009 na 2010 Toyota iliita mamilioni ya magari duniani yarudishwe kwa sababu ya pedali zilizonasa na mazulia ya sakafuni yaliyozishikilia. Pikipiki za bei nafuu bado ziko kwa Bowden, na zitakaa huko kwa muda, kwa sababu fundi wa kijijini anaweza kubadilisha waya bila kompyuta.

Kwa hiyo dereva wa Ndalambo, Ikana au Kamsamba anayesoma hapa azime injini yake, azungushe mkono wa mafuta hadi mwisho, kisha auachie ghafla. Urudi wenyewe, upesi, usukani ukiwa umenyooka, ukiwa kushoto na ukiwa kulia. Usiporudi, asipakie abiria hata wa karibu. Aende kwa fundi akanunue waya mpya.